Kiti cha kuteleza: anza na miguu, kama Ned Hanlan

Wanaoanza kupiga makasia hapa Toronto huniuliza wafanye mazoezi gani ya mikono. Mimi huwapeleka kwenye miguu, na huwatajia Ned Hanlan, mwenyeji wa jiji hili, aliyezaliwa 1855. Hakuwa mkubwa wa mwili: kilo 70 hivi. Tarehe 15 Novemba 1880, mtoni Thames, kutoka Putney hadi Mortlake, alimshinda Edward Trickett wa Australia, jitu lililompita kichwa kizima, akawa bingwa wa dunia. Kiti cha kuteleza, kinachosogea mbele na nyuma juu ya reli, hakukibuni yeye, lakini alijua kukitumia kwa nguvu zote za mapaja.

Kaa ukitazama tezi, yaani nyuma ya boti, funga miguu kwenye ubao wa kukanyagia. Nyosha magoti, egemea nyuma kidogo, mipini ya makasia ikigusa chini ya mbavu. Hapo ndipo pa kuanzia.

Piga kwa mikono tu, kiti kisisogee. Boti likitulia, ongeza kiwiliwili, ukiinama kutoka nyongani. Kisha nusu ya reli, halafu reli nzima, mpaka miundi isimame wima. Kwenda mbele, kuelekea miguuni pako, ni mikono, kiwiliwili, magoti. Kuvuta ni magoti, kiwiliwili, mikono. Usiharakishe kwenda mbele: kuchukue muda mara mbili ya kuvuta, maana ukijitupa kwa kishindo unalizuia boti linaloteleza lenyewe.

Sasa penye kazi kubwa. Wengi husukuma miguu wakati makasia bado yako hewani. Kiti kinakimbia, mipini imebaki, na nguvu yote ya mapaja imepotea bure. Mbeba gunia haanzi kuinua makalio. Huinuka pamoja na gunia lake. Basi shusha makasia kwanza, usikie uzito wa maji, ndipo usukume ubao. Bapa la kasia lifunikwe na maji, mti wake ubaki juu. Mwombe mwenzako asimame gatini atazame vitu viwili tu, kiti na mpini: lazima viondoke pamoja. Kimoja kikitangulia, rudi kwenye nusu ya reli.

Ubingwa ulimtoka Hanlan 1884, aliposhindwa na William Beach huko Australia. Baadaye alifundisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Toronto, kisha Columbia, New York. Mimi namheshimu zaidi kwa hatua hiyo. Urefu wa Trickett hakuna kocha anayeweza kumpa mtu. Matumizi ya miguu yanafundishika, hata kwa msichana mwembamba ambaye hajawahi kushika kasia.

Kwa wiki za mwanzo, mapigo 18 ya kasia kwa dakika yanatosha. Ongeza pale tu kiti na mpini vinapoondoka pamoja hata ukiwa umechoka.