Kuhama Android kwenda iPhone bila kupoteza meseji

Usiiwashe iPhone mpya kwa pupa. Uhamisho wa WhatsApp unataka simu mpya au iliyofutwa; ukishafika skrini kuu, itabidi uifute uanze upya.

Ziunganishe simu zote mbili kwenye umeme na Wi-Fi. Kwenye Android pakua programu ya Move to iOS, kisha ingiza tarakimu zinazoonekana kwenye iPhone. Chagua na WhatsApp, utumie namba ileile, maana nakala iliyoko Google Drive haifunguki upande huu. Usitoke kwenye programu hiyo hata kuchungulia meseji, uhamisho hukatika. Android ikisema imemaliza, usishangilie: subiri mstari wa maendeleo kwenye skrini ya iPhone ujae.

Programu ulizolipia utazinunua tena, na hilo linauma. Ile ya namba za uthibitisho ihamishe kabla hujafuta simu ya zamani, usije ukafungiwa nje ya akaunti zako.

Unachopata ni masasisho yanayotoka moja kwa moja Apple, bila kumngoja mtengenezaji mwingine.

Anayehama kinyume, kutoka iPhone kwenda Android, azime iMessage (huduma ya meseji ya Apple) kabla ya kutoa laini, la sivyo meseji za wenye iPhone zitaendelea kwenda kwenye simu ya zamani.