Kitimoto ya oveni, ngozi inayolia mdomoni, na waini ya Dodoma pembeni

Wengi tumezoea kitimoto (nyama ya nguruwe) ya baa, rosti au kavu, na ndizi na kachumbari, na ni tamu sina ugomvi nayo, ila kuna hii ya kuoka pande zima kwa moto wa taratibu mpaka nyama inaachia mfupa yenyewe. Ukiwapikia watu sikukuu hawaondoki mapema.

Nunua bega, siyo paja, paja halina mafuta ndani so likikaa oveni muda mrefu linakauka. Kilo 2 hivi na ngozi yake, mwambie muuzaji asiichune. Na jamani nunua bucha yenye nyama iliyopigwa mhuri wa mkaguzi, ukiona ndani kuna vidude vyeupe kama punje za mchele hiyo ni minyoo ya tegu, usichukue hata wakikupunguzia bei.

Usiku wa kabla chanja ngozi mistari ya karibu karibu bila kugusa nyama. Saga kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga na chumvi upake kwenye nyama tu, ngozi ifute ikauke kabisa uipake chumvi peke yake, halafu weka kwenye friji bila kufunika mpaka asubuhi. Usiikamulie ndimu, ngozi yenye maji maji haikauki, inabaki inavutika tu. Ndimu utaikuta mezani.

Asubuhi tandaza vitunguu kwenye trei, mimina kikombe cha maji, laza nyama juu ngozi ikiangalia juu. Nyuzi 160 kama masaa 3, maji yakikauka ongeza lakini usimwagie ngozi. Kisu kikizama bila kugoma, pandisha mpaka 230 na usiondoke jikoni, ndani ya dakika 20 au 30 ngozi itaanza kuvimba na kupasuka pasuka, na kuungua ni sekunde tu. Huna oveni? Sufuria nzito, mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko, ule ule moto wa kuokea keki, inatoka vizuri tu. Ukitoa iache itulie dakika 20 ndo ukate.

Sasa waini. Watu wakisikia nyama wanakimbilia nyekundu, mi nasema anza na nyeupe drai, yaani isiyo na utamu wa sukari. Kitimoto inaletwa na ndimu kwa sababu uchachu unakata mafuta na unarudisha hamu, na waini nyeupe drai inafanya kazi hiyo hiyo. Dodoma wanalima Chenin Blanc, zabibu yenye asili ya bonde la Loire kule Ufaransa, na hata kwenye jua kali uchachu wake haupotei. Ipoze masaa 2 kwenye friji. Ukitaka nyekundu tafuta Makutupora drai, waini ya zabibu nyekundu ya huko huko Dodoma, na hiyo pia iweke friji nusu saa maana inataka nyuzi 16 mpaka 18 na Dar hapa joto linafika 30, ikiwa ya moto unasikia pombe tu puani. Zile tamu sana ziache, sukari juu ya mafuta inachosha haraka, labda kama kuna pilipili kali mezani, hapo utamu kidogo unaituliza.

Mchuzi wa kwenye trei usimwage! Engua mafuta ya juu, ongeza nusu glasi ya ile nyeupe, chemsha mpaka uwe mzito kidogo, mimina pembeni ya nyama, siyo juu ya ngozi.