Kupanga bodi ya gari la kujiundia: anza na mlango, boneti itafuata

Mara ya kwanza nilifunga bodi yote chasisi ikiwa juu ya stendi, nikakaza kila bolti nikijiona fundi. Siku niliyoishusha kwenye matairi na kutia injini, mlango wa dereva ukagoma kufunga. Chasisi ilikuwa imejipinda kidogo kwa uzito, mwanya wa juu ukabana. Nilifungua kila kitu upya, hapa nyuma ya nyumba Uyole, na ndiyo maana naandika haya.

Hatua ya 1: gari lisimame kwa miguu yake. Injini na giaboksi viwe ndani, matairi yawe na upepo, na pa viti na tangi weka mifuko ya mchanga. Tumia pima maji, maana viwanja vya Mbeya vingi vina mteremko usioonekana kwa jicho. Pima chasisi kwa mshazari, kona hadi kona, pande zote mbili. Vipimo vikipishana zaidi ya milimita 3, shughulika na chasisi kwanza. Usiibebeshe bodi kosa hilo.

Hatua ya 2: tundika, usikaze. Kwa bolti ya milimita 6 toboa tundu la 9 au 10, upate nafasi ya kusogeza. Weka washa pana, na chini yake kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli. Bodi yangu ni ya faiba, yaani plastiki yenye nyuzi za kioo, na faiba ikibanwa kwa nguvu hufanya nyufa za nyota, na huzioni mpaka rangi ikauke. Ukitoboa vaa barakoa na mikono mirefu. Vumbi lake linawasha. Jioni oga maji ya baridi kwanza, hata kama ni Juni.

Hatua ya 3: mlango. Hapa usiwe na haraka. Sehemu ya nyuma ya bodi haisogei, kwa hiyo mlango unaifuata hiyo, fenda inaufuata mlango, na boneti inafuata fenda. Ukianza na boneti utazunguka wiki nzima.

Ondoa kwanza kile kipande cha kwenye nguzo kinachoshikwa na kitasa. Kikibaki, kinauvuta mlango na kukudanganya kwamba umekaa sawa. Kisha chonga vipande vinne vya mbao vyenye unene wa milimita 5, uvichomeke kwenye mwanya pande zote. Milimita 4 zingetosha, ila praima na rangi kwenye kingo zote mbili zitakula karibu nusu milimita, na faiba haipendi kusuguana.

Kona ya nyuma ikining'inia, usiunyanyue mlango kwa goti kama nilivyoona gereji moja. Weka washa nyembamba kati ya nguzo na bawaba ya chini. Bawaba zangu zimeachana sentimita 40 na mlango una urefu wa mita 1, kwa hiyo washa ya milimita 1 inainua kona ile milimita 2 na nusu. Ongeza moja, funga, tazama. Usiweke tatu kwa mpigo.

Mtu atakuambia puti, ule udongo wa kujazia bodi kabla ya rangi, itaficha kosa la mwanya. Puti inaficha bonde. Mwanya uliopinda haiufichi, tena ikiwa nene inadondoka kwa mtikisiko wa barabara zetu.

Hatua ya 4: fenda, kisha boneti. Kama mlango umekaa, hii ni kazi ya mchana mmoja.

Hatua ya 5: jaribu. Rudisha kile kipande cha kitasa, funga mlango juu ya karatasi ya daftari, uivute. Ikitoka kwa ugumu bila kuchanika, raba ya kuzunguka mlango inabana vizuri. Rudia kila baada ya sentimita 20. Usiku mtu akae ndani na tochi. Mwanga ukipenya, mvua ya Machi itapenya.

Kabla ya kufungua kwa ajili ya rangi, toboa tundu la milimita 3 likipita kwenye bawaba na nguzo kwa pamoja. Ukirudisha mlango, chomeka msumari humo kwanza, ndipo ukaze bolti.