Jinsi ya kupima hoja ya hiari na kadari

Mabishano ya kadari huvurugika mapema kwa sababu neno "huru" lina maana mbili. Kwa hiyo kabla ya yote, kila upande useme unakusudia ipi: kutenda utakalo bila kuzuiwa, au kuweza kutenda vinginevyo hali zote zikiwa zilezile? Hobbes, mwanafalsafa Mwingereza, alishika ya kwanza, ndiyo maana kwake uhuru na ulazima havikugombana. Aliyeshika ya pili hatakubali kamwe, na kubishana naye kabla ya kulibaini hilo ni kutwanga maji.

Kisha chukua tendo moja. La Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, linafaa: nahodha anatupa shehena baharini ili tufani isiwamalize. Hakuna atupaye mali kwa kupenda. Hata hivyo mkono ni wake na anajua anachofanya. Aristotle aliliita tendo la mchanganyiko, lakini akaliweka karibu zaidi na hiari. Aliyebebwa na upepo ni mwingine: chanzo kiko nje, naye hachangii kitu. Pima mambo mawili, chanzo na ujuzi, ndipo umtaje Mungu.

Ukifika hapo, usichanganye kujua na kulazimisha. "Mungu alijua nitaketi, basi nisingeweza kusimama" ni hoja mbovu. Lililo la lazima ni kwamba akijua, litakuwa. Haifuati kwamba kuketi kwenyewe ni lazima. Boethius, mwanafalsafa wa Kirumi, alilionyesha hilo: kumwona mtu akitembea hakumsukumi atembee.

Ila dawa hiyo haitibu swali la nani anaumba tendo, na hapa ndipo penye uzito. Katika Uislamu wa kale, kundi la Jabria walimvua mja uwezo wote. Kundi la Muutazila wakasema mja huumba matendo yake, la sivyo kumwadhibu ni dhuluma. Al-Ash'ari, mwanatheolojia wa Kiislamu aliyefariki mwaka 936, akapita katikati: Mungu huumba tendo, mja hulichuma, yaani hulipata likawa lake. Muulize anayemfuata: huko kuchuma kunaongeza nini hasa? Akishindwa kujibu, amerudi kwa Jabria bila kujijua.

Mwisho, kuna "liandikwalo ndilo liwalo" linalotumiwa kukataa tabibu: kama nimeandikiwa kupona, nitapona tu. Krisipo, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale wa kundi la Wastoa, aliyeamini kadari kikamilifu, alijibu kwamba mambo huandikwa yakiwa yamefungamana. Aliyeandikiwa kupona kwa tabibu ameandikiwa pia kumwita.