Kupiga picha wanyama wa mtaani Moshi, msimu wa baridi

Kuanzia Juni hadi Agosti Moshi hulala na wingu na kuamka na wingu. Mlima Kilimanjaro mara nyingi haujitokezi, manyunyu yanapita, na wengi wenye kamera huzifungia kabatini wakingoja Septemba. Huo ni uamuzi mbaya. Mbega, kima na kinyonga hawakutwi wametulia kama msimu huu, kwa kuwa baridi inawachelewesha kuianza siku, na jua likitokeza tu wote wanalifuata. Ukijua mahali ambapo jua litagonga kwanza, umejua pa kusimama.

Kwa hiyo usijitese kutoka alfajiri. Julai jua huchomoza kama saa 12:40, lakini chini ya wingu zito mwanga wa kutosha picha huja kwenye saa 1:30. Toka hapo, tembea mpaka saa nne. Chagua njia fupi, kilomita moja na nusu hivi, uirudie kila wiki mpaka uzijue tabia zake. Iwe na miti mikubwa ya zamani kama ile ya mtaa wa Shanty Town, iwe na maji (mfongo, yaani mfereji wa asili wa Wachaga, unatosha kabisa), na iwe na ua wa majani, hasa masale. Kila baada ya hatua mia simama dakika tano bila kuongea.

Na usipite kwenye geti bila kumsalimu mlinzi. "Shikamoo mzee, hawa kima huwa wanapita hapa saa ngapi?" Yeye yupo hapo usiku na mchana, na jibu lake linaweza kukupunguzia siku tatu za kutafuta. Mweleze pia unachopiga, kisha usielekeze lenzi kwenye madirisha ya watu. Kambi za jeshi na vituo vya polisi usivipige kabisa, hata kama ndege uliyemtamani ametua kwenye uzio wake.

Masikio hutangulia macho. Hondohondo akiruka, mabawa yake huvuma mpaka unageuka kabla hujamwona. Kima wanajulikana kwa vinavyodondoka: ukiona chini ya mti matunda yaliyong'atwa nusu na bado yana majimaji, simama, wako juu yako. Mbega ni wa namna nyingine. Anakula zaidi majani, anakaa kimya muda mrefu, na asubuhi ya baridi hupanda kileleni kuota jua. Tazama upande wa mashariki wa miti mirefu, utafute mkia mweupe unaoning'inia wima chini ya tawi wakati majani yote yanatikisika. Pa uhakika ni Msitu wa Rau, karibu kabisa na mji; ni msitu wa hifadhi, kwa hiyo fuata utaratibu wa kuingia.

Mbega ndiye anayeharibu picha za watu wengi kuliko mnyama yeyote wa hapa. Manyoya yake ni meusi tii, mabega na mkia ni weupe, na nyuma yake kuna wingu jeupe. Kamera inaliona wingu, inadhani kuna mwanga mwingi, inapunguza. Unarudi nyumbani na kivuli cheusi kisicho na macho. Tafuta kitufe chenye alama ya +/- upandishe hadi +1, hata +1.7. Kwenye simu, gusa mwili wa mnyama kwenye kioo kisha telezesha alama ya jua kwenda juu. Wingu litaungua liwe jeupe tupu, liache liungue. Bora zaidi, sogea hatua kumi kushoto au kulia, au panda kwenye mwinuko, mpaka nyuma yake yawe majani badala ya anga. Hapo fanya kinyume: majani ya giza yataifanya kamera iongeze mwanga na ule weupe wa mabegani upoteze nywele zake, basi shuka hadi -0.7. Mtoto mchanga wa mbega huzaliwa mweupe mwili mzima, kwa hiyo naye mpimie hivyo hivyo.

Kwa lenzi ya milimita 300 usishuke chini ya kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde, tundu la lenzi f/5.6. ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, ya 800 inatosha palipo wazi. Chini ya miti panda hadi 3200 bila woga, maana chembechembe kwenye picha zinavumilika na ukungu wa mkono uliotikisika hauponi. Shona mfuko wa kitambaa, ujaze kilo moja ya maharage, uuweke juu ya ukuta au boneti ya gari na ulaze lenzi hapo. Hakuna stendi ya kamera inayoushinda kwa matembezi ya mtaani.

Mwenye simu tu asivute picha kwa vidole, anakata tu picha ile ile. Azima darubini ya 8x42, rudisha ndani mipira ya macho, weka lenzi ya simu katikati ya kioo kimoja mpaka duara la mwanga lijae, kisha hapo ndipo uvute picha kwa vidole, kidogo tu, mduara mweusi utoke. Piga kwa saa ya kuchelewesha ya sekunde 2 ili kidole kisitikise.

Chozi, wale ndege wadogo wanaonyonya maua, utawapata kwenye maua ya mshubiri. Chagua ua moja, weka fokasi hapo, kasi 1/1000, na ungoje. Rangi zao za kumetameta zinahitaji jua liwe mgongoni mwako. Chini ya wingu dume huonekana jeusi tu.

Tumbili na kima usiwape chakula, hata ganda la ndizi. Aliyezoea kupewa huanza kunyang'anya mifuko, na baadaye wenye nyumba humpiga mawe.

Kinyonga tafuta usiku, kati ya saa 1:30 na saa tatu. Shika tochi kando ya jicho lako, mulika polepole ncha za vijiti na majani ya masale, kuanzia usawa wa kiuno hadi juu ya kichwa. Akilala hupauka, kwa hiyo anang'aa kama jani lililokauka vibaya, mkia umejikunja kama mshipi. Usimchukue mkononi wala usimpige flashi. Kariri tawi, uende ukalale. Saa moja na nusu asubuhi rudi: kwa baridi hii mara nyingi bado yupo pale pale, sasa amekuwa mweusi ili anase joto, ubavu ameutandaza kuelekea mashariki. Simama usawa wake, mita moja na nusu, fokasi kwenye kile kitundu cha jicho. Utakuwa na dakika ishirini hivi. Rangi ikianza kurudi kijani na mguu wa mbele ukinyooka kushika tawi jingine, rudi nyuma hatua mbili umpishe.