Mti umeshalala chini, usikimbilie kukata kuni

Watu wengi mti ukishaanguka tu wanaanza kuukatakata vipande vifupi vifupi vya kuni, alafu baadae wanatafuta mbao za kununua. Kabla hujawasha chenso zunguka kwanza huo mti, angalia shina la chini, limenyooka? vifundo sio vingi? ndani halijaoza? Basi hilo ndo la mbao, liache refu, na uongeze kama sentimita 15 kila upande maana ncha lazima zipasuke likikauka. Zipake rangi ya mafuta au nta siku hiyohiyo, sio wiki ijayo, kwa sababu maji yanatoka kwenye ncha haraka kuliko ubavuni. Na kama mti ulikua karibu na nyumba au uzio tafuta misumari na waya mapema, msumeno wa mtu usife bure.

Gogo bichi lisilale kwenye udongo, hapo ndo kuvu na bungua wanaingia. Mbao zikishapasuliwa zipange kivulini penye upepo, kila safu itenganishwe na vijiti vya unene mmoja, na vijiti vyenyewe vifuatane mstari mmoja toka chini mpaka juu la sivyo zinapinda, kisha weka uzito juu. Kukauka, mti mgumu kadiria mwaka 1 kwa kila sentimita 2.5 za unene, mti laini unawahi.

Nguzo za kuchimbia? Kinachovumilia ardhini ni moyo wa mti, tena wa baadhi ya miti tu. Ule mweupe wa nje bila dawa unaliwa, uwe mti gani.

Matawi mazito na yaliyopindapinda ndo kuni. Yapasue yakiwa bado mabichi, miti mingi hapo inapasuka kirahisi, ila usichome mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 20, utajua zimekauka ukigonganisha vipande viwili vikalia kwa sauti kali. Kuni mbichi moto wake unaishia kuchemsha maji yaliyomo ndani, unabaki na moshi.

Vitawi vikatekate uweke matandazo, juu ya udongo tu, ukichanganya ndani vinapooza vinanyang'anya mimea naitrojeni.

Ila kama mti uliuliwa na ugonjwa au wadudu, magogo usiyasafirishe wala kumgawia jirani, yatumie hapohapo.