Kabla hujafungua jalada la wizi wa nyimbo

Nina studio ndogo Kirumba, Mwanza, narekodi zaidi kwaya. Siku moja nilikuta nyimbo 12 tulizorekodi na kwaya ya Ukerewe zinaingizwa kwenye flashi za wateja pale Makoroboi. Nilikimbilia polisi jioni ileile. Nilianzia pasipo sahihi, na sitaki wewe upitie nilipopita.

Jiulize kwanza: huyu anayeuza anabisha kwamba kazi ni yako? Kama habishi, ananakili na kuuza tu, peleka malalamiko polisi, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, uwaarifu. Wa kwangu alibisha. Alitoa karatasi waliyoandikiana na mwalimu wa zamani wa kwaya: amelipwa shilingi 150,000, "mtunzi ni mimi", sahihi chini. Hapo jinai ikayumba. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamwadhibu anayekiuka kwa kujua, na Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, lazima ithibitishe pasipo kuacha shaka. Aliyelipa akiamini ananunua kwa mwenye mali, shaka anayo mkononi.

Mpelelezi akaniambia, "Kaka, kamalizeni kwanza nyimbo ni za nani." Niliona ananikwepa. Kumbe kwenye kesi za kuingia shamba kwa jinai mahakama zetu zimeshasema hivyo: umiliki ukibishaniwa, kesi ya madai itangulie. Kwa nyimbo mantiki ni ileile.

Basi fungua madai, uombe zuio mauzo yasimame. Huko inatosha mizani ielemee upande wako. Usiombe fidia peke yake. Omba mahakama itamke wazi nani mwenye haki. Tamko hilo halimpeleki mtu jela, kwa kuwa jinai ina kipimo chake na itathibitishwa upya. Ila akiendelea kuuza baada ya hukumu, "sikujua" haimsaidii tena.

Chunga sana maneno yako. Polisi nilieleza kwamba nyimbo ni "zangu". Kwenye hati ya madai tukaandika utunzi ni wa kwaya, mimi nina haki ya rekodi, na huo ndio ukweli. Wakili wake aliyasoma maelezo yote mawili mbele ya hakimu, taratibu, nikiwa nimesimama. Linalosemwa kwenye kesi moja linasomwa kwenye nyingine, kwa hiyo ongea na wakili kabla ya kuandika lolote.

Mkipatana mkalipana, andikeni, lakini kama shauri la jinai limeshafika mahakamani mjue ni la Jamhuri. Wa kuliondoa ni mwendesha mashtaka.

Vielelezo vikusanye mapema: mafaili ya studio yenye tarehe, risiti, meseji za mazoezi. Sisi tulibebwa na kaunta buku ya katibu wa kwaya, iliyolowa kwenye kivuko hadi wino ukasambaa. Ubeti wa pili wa wimbo wa tatu ulikuwa umekatwa na kuandikwa upya kwa mwandiko wa mama mmoja wa sauti ya pili. Hakimu alimuuliza mwalimu yule kwa nini ubeti ulibadilishwa. Hakuwa na jibu. Mama akasimama, akauimba ule wa kwanza.